Chupa Mpya, Taa ya Zamani: Ushauri kwa Wanaopaka na Wanaopakwa Jeli

"Shangazi, ni kweli jeli inaondoa uzazi?"

Binti wa kaka yangu aliniuliza hivyo Septemba 2025, simu mkononi, akinisikilizisha sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa kucha. Ana meza yake ndani ya saluni moja Ngamiani, Tanga, na anatumia jeli siku sita kwa wiki. Mimi nimefundisha kemia sekondari kwa miaka mingi, kwa hiyo maswali ya namna hii huishia kwangu. Sauti ile ilikuwa imechanganya ukweli na uzushi kiasi kwamba asiyejua angetupa chupa zake zote, au angepuuza kila kitu. Yote mawili yangekuwa makosa.

Ukweli ni kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku vipodozi vyenye kemikali inayofupishwa TPO. Kwenye chupa utaiona imeandikwa Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide, na namba yake ya utambulisho ni 75980-60-8. Iandike kwenye karatasi, ibandike ukutani kando ya meza yako ya kazi. Majina ya kemikali hubadilishwa herufi mbili tatu ukadhani ni kitu kingine, lakini namba haikudanganyi.

Ili ujue hiyo TPO ilikuwa inafanya nini kwenye chupa, anza na jambo ambalo mafundi wengi hawajaelezwa: jeli haikauki, inaganda. Rangi ya kawaida ya kucha hukauka kwa sababu kiyeyushi chake kinaruka hewani, ndiyo maana chumba kizima kinanuka. Jeli imejaa molekuli ndogondogo za jamii ya akrileti zinazosubiri kushikana. Kinachozianzisha ni kemikali ya kiasi kidogo ambayo wataalamu huiita fotoinishieta. Mimi nimezoea kuiita kiwashio, maana kazi yake ni ile ya njiti ya kibiriti. Mwanga wa taa ukiipiga TPO, molekuli yake inakatika vipande viwili, na kila kipande kinamshika jirani, jirani anamshika jirani yake, hadi uji wote umekuwa gamba moja gumu. Njiti zilizowaka zimekwisha kazi. Zile ambazo hazikuwaka zinabaki humo humo ndani ya gamba.

TPO ilipendwa kwa sababu nzuri. Inafyonza mwanga hadi kwenye nanomita 420 hivi, kwa hiyo inaitikia vizuri taa za LED zinazotoa mwanga wa nanomita 405. Ikishakatika inapoteza umanjano wake, ndiyo maana jeli nyeupe na zile zisizo na rangi zinabaki safi. Tena inagandisha hadi chini, si juu tu. Ndiyo hiyo hiyo inayowekwa kwenye baadhi ya vanishi za mbao, wino wa kuchapia na utomvu wa mashine za kuchapa vitu vya pande tatu (3D).

Basi kwa nini ikatazwe? Panya waliolishwa TPO kwa mdomo walipata madhara kwenye korodani na uzazi wao. Kwa msingi wa majaribio hayo Ulaya iliipandisha TPO hadi daraja la 1B, yaani kemikali inayochukuliwa kuwa inaweza kudhuru uzazi wa binadamu. Sheria yao ya vipodozi inasema kemikali ikifika daraja hilo inatoka sokoni, isipokuwa wenye viwanda waombe ruhusa maalumu na wathibitishe kwamba hakuna mbadala. Kwa TPO, mbadala upo. Mwaka 2014 kamati ya kisayansi ya Ulaya hiyo hiyo ilikuwa imesema TPO ni salama kwenye kucha ikiwa haizidi asilimia 5.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Petroli ndani ya kidumu kilichofungwa vizuri stoo ni kitu cha hatari, lakini haijamuunguza mtu. Petroli hiyo hiyo ukiimwaga karibu na jiko ni habari nyingine. Ulaya imekataza kidumu chenyewe. Haikusema kwamba kila aliyewahi kulala nyumba moja nacho ameungua. Kwa hiyo nilimjibu binti yangu: hapana, hakuna ushahidi kwamba mwanamke amekuwa tasa kwa kupakwa jeli. Wale panya walikula TPO. Mteja anapakwa kidogo juu ya kucha ngumu, na sehemu kubwa inakatika chini ya taa.

Hata hivyo naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, na sababu yangu ni fundi. Mteja anakuja mara moja kwa wiki tatu. Fundi anaishika jeli mbichi kutwa, inamgusa vidoleni, anavuta vumbi lake anaposugua, na wengi wa mafundi hawa ni wasichana walio katika umri wa kuzaa. Wengine ni wajawazito na wako kazini hadi mwezi wa nane. Kama kipo kiwashio kingine kinachofanya kazi, sioni kwa nini tumbebeshe mtu huyu mzigo usio wa lazima. Sheria ya Ulaya haitufungi sisi huku, lakini hakuna anayekukataza kuifuata kwa hiari yako. Na kumbuka kwamba mzigo uliokatazwa soko moja hutafuta soko jingine. Ukiona jeli nzuri inauzwa kwa bei ya kushangaza, soma maandishi ya nyuma kabla hujafungua pochi.

Binti yangu alisikia ushauri, akanunua chupa kumi na mbili zilizoandikwa kwamba hazina TPO. Baada ya wiki tano akanipigia. Wateja watatu walikuwa wanawashwa pembezoni mwa kucha, mmoja ameota vipele hadi kwenye kope. "Shangazi, hii mpya ndiyo mbaya zaidi."

Nilikwenda. Nikamwambia apake jeli ile kwenye kipande cha karatasi ya aluminiamu, unene ule ule anaompakia mteja, aiweke kwenye taa yake sekunde 60 kama kawaida. Juu iling'aa, ukigonga inalia. Tukavaa glovu, tukaubandua ule utando na kuugeuza. Upande wa chini ulikuwa unanata kama ubani uliotafunwa. Wateja wale walikuwa wametoka na gamba gumu juu, na jeli mbichi imelala juu ya kucha zao kwa wiki nzima.

Chupa ilikuwa na kiwashio kingine kinachoitwa Hydroxycyclohexyl Phenyl Ketone, namba 947-19-3. Si kibaya, kimetumika miaka mingi. Lakini chenyewe kinataka mwanga mfupi zaidi, wa nanomita 365, na kwenye 405 kinasinzia. Taa yake ndogo ya bei nafuu ilikuwa ya 405 peke yake. Miaka yote ilikuwa imefanya kazi kwa sababu TPO ndiyo iliyokuwa ikiibeba.

Hili ndilo ninalotaka lishike kuliko mengine yote. Chupa iliyoandikwa "bila TPO" ikiwekwa chini ya taa isiyoendana nayo inaweza kukudhuru kuliko ile ya zamani iliyoganda sawasawa. Kiwashio na taa ni ufunguo na kitasa. Ukibadilisha kimoja lazima ukitazame na kingine.

Kwa hiyo geuza taa yako usome chini yake. Tafuta nanomita, si wati. Wati zinakuambia taa inakula umeme kiasi gani, hazikuambii inatoa mwanga wa aina gani wala kiasi gani. Kwa jeli mpya nyingi utahitaji taa yenye 365 na 405 pamoja. Bora zaidi ni kutumia taa ambayo mtengenezaji wa jeli mwenyewe ameitaja, ingawa najua huku kwetu hilo si rahisi kila mara. Kama taa yako haijaandikwa chochote, fanya jaribio la karatasi ya aluminiamu kwa kila rangi mpya kabla haijamgusa mteja. Jaribu na nyeusi, maana rangi inazuia mwanga kupita, na jaribu na nyeupe, maana inautawanya. Paka nyembamba mara mbili, usipake nene mara moja. Nene inaganda juu tu, na mara nyingine joto la kuganda kwake linamchoma mteja hadi anachomoa mkono.

Vidole vinne na gumba viingie kwa zamu. Gumba likiingia pamoja na wenzake linalala ubavu, mwanga unalipiga pembeni, na ndiyo maana kucha za gumba hubanduka mapema. Taa za mirija huchoka polepole bila kuonekana, mirija ibadilishwe kwa muda aliouandika mtengenezaji hata kama bado inawaka. Umeme ukishuka, nazo hufifia. Taa za LED hukaa zaidi, lakini punje zake hufa moja moja, basi zikague kwa kuelekezea mwanga kwenye karatasi nyeupe na si kwa kuzichungulia kwa macho.

Sasa kuhusu mbadala wenyewe. Kuna TPO-L, namba 84434-11-7, ambayo wengi huikataa dukani kwa kudhani ni ile ile. Ni ndugu, si pacha. Ni kimiminika, haimo katika marufuku, na inafyonza mwanga karibu na ule wa TPO, ila inagandisha taratibu kidogo. Kuna BAPO, namba 162881-26-7, yenye nguvu sana na inayoshuka chini vizuri, lakini ina umanjano, kwa hiyo watengenezaji huiweka kidogo. Zote mbili zina onyo la mzio wa ngozi kwenye karatasi zao za usalama. Ningekuwa mimi ninayenunua, ningechagua chupa yenye TPO-L au mchanganyiko wake, na bado ningeishika kama kitu kisichotakiwa kugusa ngozi. Neno "salama" kwenye lebo lina maana ikiwa limeambatana na orodha kamili ya viambato, namba ya toleo na anwani ya mtengenezaji. Chupa isiyo na hivyo iache hapo dukani. Tanzania Bara vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, Zanzibar viko chini ya ZFDA, na Kenya KEBS ndiyo inayosimamia viwango. Ukipata chupa ya mashaka, peleka taarifa huko.

Kisichoganda hutafuta pa kwenda, na kanuni hiyo haiko kwenye kucha peke yake. Novemba 2005 huko Italia serikali ilikamata lita milioni 30 hivi za maziwa ya watoto wachanga. Ndani yake kulikuwa na ITX, kiwashio cha wino uliochapwa nje ya boksi. Karatasi ya maboksi ilichapwa kisha ikaviringishwa, upande wenye wino ukalala juu ya upande utakaogusa maziwa, na mabaki ya kiwashio yakahama. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema baadaye kwamba kiasi kilichopatikana hakikutosha kuleta wasiwasi wa kiafya, lakini mzazi gani anataka wino kwenye chupa ya mwanawe? Tangu hapo wachapishaji makini hutumia viwashio vya molekuli kubwa, vilivyofungwa kwenye mnyororo mrefu visiweze kusafiri. Nawaambia kina mama wanaofunga unga wa lishe na siagi ya karanga: muulizeni mchapaji kama wino wake unagandishwa kwa taa, na kama unagandishwa hivyo, mwambieni ni vifungashio vya chakula ili atumie wino usiohama. Lebo ya juu ya chupa ya kioo haina shida. Mfuko mwembamba wa plastiki haukingi kama tunavyodhani.

Nirudi mezani, maana bado sijamgusa adui mkubwa. Nikiulizwa ni kitu gani ndani ya chupa ya jeli kinachowaumiza wanawake wengi leo, sitaitaja TPO. Nitataja HEMA, namba 868-77-9, moja ya zile molekuli ndogondogo zinazoshikana. Udogo wake ndio ubaya wake, inapenya ngozi kwa urahisi. Ulaya iliiruhusu kwa mafundi waliofunzwa tu na kuitaka chupa ibebe onyo la mzio. Huku inauzwa kwa yeyote, pamoja na wasichana wanaojipaka wenyewe chumbani kwa taa ya ukubwa wa kiganja.

Mzio huu ukishakuingia hautoki. Unaanza kwa kuwashwa pembezoni mwa kucha, ngozi inakauka na kupasuka, pengine kope na shingo zinavimba kwa sababu unajigusa. Kucha huweza kuachana na nyama yake. Wengi husema "nimepishana na rangi hii", wakahamia nyingine yenye kiambato kile kile. Kibaya zaidi kinakungoja mbele: jamii hiyo hiyo ya kemikali imo kwenye vijazio vya meno, kwenye saruji ya mifupa wanayotumia madaktari wa upasuaji kushikiza nyonga ya bandia, na kwenye gundi ya vifaa vinavyobandikwa mwilini kupima sukari. Msichana wa miaka ishirini anayejipaka jeli kwa ajili ya kucha za harusi anaweza kujifungia milango hiyo ya matibabu asiyojua kama ataihitaji. Hilo linaniuma kuliko habari za panya.

Kwa hiyo jeli isiguse ngozi. Acha nafasi nyembamba kati ya rangi na ngozi, na ikimwagika ifute kwa kijiti kabla ya kuwasha taa, si baada. Ule utelezi unaobaki juu baada ya taa ni jeli mbichi, hewa imeizuia kuganda. Ufute kwa pamba yenye spiriti mara moja, kuanzia kwenye ngozi kwenda ncha ya kucha, na pamba hiyo usiitumie kwa kidole cha pili. Glovu za naitraili zivaliwe na zibadilishwe mara kwa mara, maana HEMA hupenya glovu nyembamba ndani ya dakika chache. Ikikugusa, vua glovu wakati huo huo. Kutoa jeli kwa asetoni na subira ni bora kuliko kusugua kwa mashine, na ukisugua vaa barakoa na fungua dirisha. Wapo kina mama wanaolaza watoto chini ya meza ya kucha wakati wa kazi. Naelewa hakuna wa kumwachia, lakini mlaze upande mwingine wa chumba, maana vumbi lote linashuka pale.

Ukishaanza kuwashwa, acha. Usijaribu tena kuona kama kumepoa. Nenda kwa daktari wa ngozi na lebo ya chupa mkononi, na siku ukienda kwa daktari wa meno mwambie una mzio wa akrileti kabla hajaanza. Vijazio vingi vya meno huwashwa na kamforikwinoni, binamu wa kafuri tunayoijua pwani, kwa mwanga wa buluu wa nanomita 470 hivi. Kiwashio chake si tatizo lako. Tatizo ni zile molekuli zinazoshikana.

Na taa je? Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya kuweka seli chini ya taa ya kukaushia kucha. Baada ya dakika 20 asilimia 20 hadi 30 zilikufa. Zilikuwa seli za kwenye sahani ya maabara, hazikuwa na ngozi ya kuzikinga, na dakika 20 mfululizo si muda wa mteja. Lakini kinga ni rahisi: glovu iliyokatwa ncha za vidole, au mafuta ya kuzuia jua yaliyopakwa kabla ya kuanza. Fundi asiingize mkono wake kwenye taa kumshikia mteja kidole, maana yeye anajumlisha dakika za wateja wote wa siku.

Binti yangu alinunua taa ya mawimbi mawili, na aliilipia kwa awamu. Wale wateja watatu aliwaambia ukweli, akawatoa jeli bila kuwatoza. Mmoja hatapakwa tena. Zilizobaki ni chupa zake za zamani za TPO, kama tisa hivi, na alitaka kuzimwaga kwenye sinki. Usifanye hivyo, jeli mbichi ni sumu kwa viumbe vya majini, na mifereji yetu inajua baharini ni wapi. Tulivaa glovu, tukatandaza karatasi ya aluminiamu uani, tukazipaka nyembamba nyembamba, rangi kwa rangi, tukaliachia jua la saa saba mchana kazi hiyo. Tulizigeuza, zilizonata chini tukazirudisha juani. Jioni zilikuwa magamba makavu, tukayafunga kwenye mfuko na kuyaweka kwenye pipa la taka.